Matofali ya Kidato cha Tatu

Jumamosi, saa nne asubuhi, Redempta Akonaay alibandika maharage katika jiko la nje alilomaliza kujenga wiki hiyo huko Mutuka. Alilijenga kwa matofali ya kuchoma kutoka shule moja ya sekondari iliyoko Singe. Darasa la zamani la kidato cha tatu lilikuwa limebomolewa, na waliotaka matofali waliambiwa wachukue. Mwanawe Anselmi, dereva wa trekta, aliyasomba kwa tela, safari mbili.

Maharage yalipoanza kuchemka, ukuta wa nyuma ya mafiga ulipata joto, ukasema, "Kaeni chini."

Redempta alivuta kigoda akakaa. Ilikuwa sauti ya Mwalimu Valence, aliyemfundisha fizikia mwaka 1988, na aliyezikwa Dareda miaka tisa iliyopita. Aliita majina, kisha akaanza kipindi. Alianza kwa Kiingereza, akaona darasa limesinzia, akahamia Kiswahili kama kawaida yake.

"Sauti ni nishati. Sasa nikisema neno hapa, likaisha, ile nishati inakwenda wapi?"

Alijibu msichana, harakaharaka, kama mtu anayeogopa kunyang'anywa zamu.

"Haipotei, mwalimu. Inapiga ukuta, ukuta unapata joto kidogo, inakaa humo."

"Na wengine? Sitaki Redempta peke yake kila siku."

Darasa lilicheka. Redempta naye akacheka, akaongeza maji kwenye sufuria. Alikuwa amesahau kwamba zamani alisema upesi namna ile.

Jirani yake, Emerensiana, alikuja kuazima ungo, akasimama mlangoni kusikiliza.

"Si Valence huyo?"

"Ndiye."

"Sauti yake haijazeeka," alisema Emerensiana, akachukua ungo, akaenda zake.

Kabla wiki haijaisha Redempta alijua kila moto unatoa somo kiasi gani. Moto wa chai ulitosha kuita majina tu. Moto wa ugali ulifika kwenye maana ya maada: kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi. Moto wa maharage ulitoa kipindi kizima, hadi kengele. Akawa anapika maharage mengi kuliko yanavyolika, anawagawia majirani. Alisikia chaki ikikwaruza ubao, kikohozi cha Philomena aliyekaa naye dawati moja, na mvua ya Machi juu ya bati iliyomlazimisha mwalimu kupaza sauti. Miaka ile alitoka Mutuka hadi Singe kwa miguu, viatu mkononi, akavivaa getini ili vifike mwaka wa nne vikiwa vizima. Alitaka kuwa mwalimu wa fizikia, na Valence alishamwambia kwamba ubao utamfaa kwa sababu yeye ni mrefu.

Siku aliyopika makande, kuni ziliwaka kutwa. Ukuta ulifika Ijumaa moja ya mwezi wa tano. Mlango ulifunguliwa, ikasikika sauti ya mkuu wa shule wa wakati ule.

"Redempta, simama. Kusanya vitu vyako. Hali yako tumeshaambiwa."

Kisha akasema, "Na aliyehusika, kama yumo humu, asimame."

Ukuta ukanyamaza, lakini moto ulikuwa unawaka vizuri, kwa hiyo kimya chenyewe kilikuwa kinatoka kwenye matofali. Ndani yake walipumua wanafunzi wengine arobaini na mmoja. Dawati moja la nyuma lililia kidogo, kama linalopunguziwa uzito, halafu likatulia. Redempta alijua ni dawati la nani. Apolinary alikuwa kaka mkuu, na jioni walirudi njia moja.

"Mkuu, huyu mtoto anaweza kuwa..." alianza Valence.

"Mwalimu, endelea na kipindi."

Zikafuata hatua za Redempta mwenyewe, zikitoka. Miaka yote alijua mambo hadi hapo. Sasa alisikia yaliyobaki. Valence aliuliza swali kuhusu msuguano, akangoja. Hakuna aliyejibu. "Haya, Re..." alisema mwalimu, akaacha. Kisha ilisikika sauti ya dasta ikifuta ubao, kwa muda mrefu kuliko ubao wowote unavyohitaji.

Redempta alipakua makande, hakula.

Jumatatu alivaa gauni la kanisani akaenda shuleni. Mkuu wa shule wa sasa, Mwalimu Edda, alimkaribisha kiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Naomba unitazamie jina langu kwenye daftari la mwaka themanini na nane."

Daftari lilipatikana kabatini. Mbele ya jina la Redempta kulikuwa na neno moja: utoro.

"Sikutoroka. Nilifukuzwa."

"Siku hizi msichana akijifungua anarudi darasani, mama."

"Najua, na nawafurahia. Mimi nataka neno hilo lifutwe tu."

"Kufuta ni kazi ya bodi. Una ushahidi?"

"Ninao. Lakini unataka kuni kavu."

Mwalimu Edda aliandika kwenye shajara yake: kuni kavu. Alhamisi alifika Mutuka pamoja na mwenyekiti wa bodi ya shule, ambaye alikuwa Apolinary, sasa mstaafu mwenye mvi na fimbo. Anselmi aliwamiminia maji ya kunawa. Alipoinamisha birika, mikono miwili ilikaribiana, wake na wa mwenyekiti, yote yenye vidole vifupi na kucha za mraba. Apolinary aliitazama, akafuta mikono yake kwa kitambaa.

Walikula makande, ukuta ukasema. Mwalimu Edda aliandika kila neno. Kilipofika kile kimya, aliandika "kimya", akangoja kiishe. Dawati lililia, likatulia.

"Mwenyekiti, unasemaje?" aliuliza Edda.

Apolinary alisogeza sahani yake pembeni.

"Valence alifundisha vizuri," alisema. "Darasa lile lilikuwa na baridi sana asubuhi."

"Apolinary," Redempta alimwita, kwa jina tupu, "ulitaka kusimama?"

"Makande yako matamu, Mama Anselmi," alijibu, akatafuta fimbo yake.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Bodi ilimshukuru kwa ukarimu, ikaeleza kwamba ukuta hauwezi kuambatanishwa kwenye jalada, na kwamba daftari litabaki kama lilivyo. Chini ilikuwa na sahihi ya mwenyekiti. Anselmi alitaka kwenda kwa mwenyekiti, Sigino, na trekta. Redempta akamwambia amalizie kwanza shamba la Emerensiana, mvua iko karibu.

Yeye alinunua daftari kubwa na kalamu mbili. Ukuta haukusimama pale Ijumaa ile. Uliendelea na vipindi ambavyo hakuwahi kuvisikia: nuru, sumaku, umeme. Aliandika vyote, sufuria zikichemka, akichora saketi kwa ukingo wa mwiko. Asipoelewa, alipunguza moto, akasoma tena alichoandika, kisha akachochea.

Mwezi wa kumi, alasiri moja, Mwalimu Valence aliwaambia wanafunzi waweke mabegi nje na kugeuza karatasi. Ulikuwa mtihani wa mwisho wa mwaka. Kwa saa mbili na nusu ukuta ulitoa mkwaruzo wa kalamu arobaini na moja, na kikohozi cha Philomena mara moja. Emerensiana alipopiga hodi, Redempta alijiwekea kidole mdomoni, akamwonyesha kigoda, wakakaa kimya wasiwasumbue.