Phelesia Alima Ua wa Korti

Mwaka 1963, kabla ya mvua za masika, korti iliamuru kwamba shamba la Phelesia, mjane wa kijiji cha Uriri, lisiguswe na jembe la mtu yeyote mpaka ijulikane kama ni lake au ni la shemeji yake, Fanuel. Hakuwa na shamba lingine. Amri hiyo ilitolewa kwa nusu saa. Kilichokawia ni kesi.

Iliahirishwa mara kumi na moja. Hakimu Javan aliumwa jino. Mzee wa baraza alikuwa matangani. Uhuru ulikuja, na korti ikahitaji muda wa kuuzoea. Kila mara karani Elijah aliandika tarehe mpya juu ya jalada, akalirudisha faili kabatini, na Phelesia akarudi nyumbani kuomba mihogo kwa jirani. Awino, binti yake, aliacha shule akaenda kulea watoto wa watu. Fanuel naye alihamia Ogwedhi kuuza ng'ombe, na tangu kesi ianze yeye na Phelesia hawakuwa wakisalimiana.

Machi 1966 Phelesia alifika kortini na jembe begani. Karani akamwambia Juni.

"Juni mvua imekwisha," alisema Phelesia. "Na hapa nje, kuna amri ya kukataza kulima?"

Elijah, mtu mwangalifu, alipekua madaftari yote. "Hapa hakuna, mama."

Basi akalima. Alianzia chini ya dirisha la hakimu, kwenye nyasi zilizokatwa na wafungwa kila Jumamosi, na kufikia saa nne alikuwa amepanda mistari minne ya mahindi, iliyonyooka kuliko mambo mengi ya pale. Hakimu alitoka mbio bila koti. Saa nne na robo Phelesia alishtakiwa. Kabla ya chai alikuwa amepewa siku tatu ndani. Alishukuru, akaomba nakala ya hukumu yenye muhuri, na saa ya kushtakiwa na ya kuhukumiwa.

Alipofunguliwa alipanda basi hadi Homa Bay, kwa ofisa aliyesimamia korti za wilaya, akaiweka nakala mezani.

"Unalalamika juu ya kifungo?" ofisa aliuliza.

"Hapana, bwana mkubwa. Hiyo kesi ilienda vizuri sana. Nataka hata ile ya shamba nishtakiwe, ndio iishe."

Ofisa aliisoma nakala mara mbili. Akamwandikia hakimu ajieleze. Hakimu akajibu kwa adabu, akiomba aongezewe siku tisini. Jumatatu ofisa alikuja mwenyewe, akaketi kortini, akaagiza faili lifunguliwe. Elijah alilipangusa vumbi kwanza.

Ndani mlikuwa na barua iliyoandikwa "Kwa Hakimu", bado haijafunguliwa. Ofisa aliifungua, akampa hakimu aisome kwa sauti. Humo Fanuel aliisalimu korti, akasema amepata makao Ogwedhi, shamba halitaki tena, mke wa ndugu yake alime. Tarehe ilikuwa Februari 1964.

Phelesia alihesabu kwa vidole misimu ya mvua iliyopita tangu siku hiyo. Minne. Hasira ilimpanda mpaka akashika benchi.

Hakimu alikohoa, akasema inaonekana shauri limekwisha.

"Bado," alisema Phelesia. "Soma tena. Hiyo tarehe usome polepole."

Hakimu alimtazama ofisa. Ofisa alikuwa ameshika kalamu, anangoja.

Hakimu akasoma tena.