Mwendo wa Maman Adolphine

Asubuhi za soko la Kadutu, vumbi la unga huamka kabla ya watu. Huinuka kutoka kwenye magunia, jeupe, jepesi, likakutana na mwanga wa jua unaoshuka mlimani. Na katikati ya vumbi na jua ulikuwa ukipita wewe. Mguu wa kushoto ukianza, wa kulia ukifuata kwa kuchelewa, bega likishuka, beseni la unga kichwani halitikisiki. Nilikutazama kutoka mlango wa duka la karatasi. Nilikuwa bado kijana, nilikuwa na penseli, na sikukuomba ruhusa.

Maman Adolphine, mimi ndiye Léopold, mchora vibonzo. Miaka arobaini nimeinama juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, karatasi juu ya karatasi, mguu ukisogea upana wa unywele, kisha tena, kisha tena, mpaka mtu wa wino anatembea. Watu hufikiri kazi hii ni ya mkono. Kazi hii ni ya jicho. Na jicho langu lilikuwa la mwizi.

Imepita miaka thelathini. Kipindupindu kilikuwa mjini, nikaombwa filamu fupi ya kufundisha watu kunawa mikono. Nilihitaji mwanamke mchafu, wa kuchekesha, muuza chakula asiyejua sabuni. Nikamwita Mama Matope. Nikampa uso wa kubuni, sauti ya kuazima, na miguu yako.

Wewe, uliyenawa mpaka viwiko kabla ya kugusa kopo la unga. Wewe.

Filamu ilionyeshwa shuleni, uani mwa kanisa, kwenye shuka lililotundikwa uwanjani. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Walicheka ule mwendo. Nilisimama nyuma kabisa, nikila vicheko vyao kama mtu aliyeshinda na njaa.

Wiki mbili baadaye nilipita sokoni. Watoto walikuwa nyuma yako, msururu mzima, kila mmoja akivuta mguu, bega chini, wakiimba: «Mama Matope! Mama Matope!» Wateja walicheka, kisha wakanunua kwa jirani yako. Ulisimama. Uligeuka. Hukuwatazama wao. Ulinitazama mimi, na daftari langu kwapani.

Ulijua.

Nami nikainama, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Kiatu changu hakikuwa na kamba.

Mvua hazijaisha, ukawa umeondoka. Walisema umeshuka bondeni, Sange, kwa dada yako. Sikuuliza zaidi, kutouliza kulinifaa. Mwendo wako ulinipa jina. Katika filamu zilizofuata niliutia kwa mlevi, nikautia kwa mchawi, nikautia kwa mbuzi mzee wa hadithi za watoto. Kila waliponisifu niliona haya, na kila nilipoona haya nilichora tena. Hilo ndilo linalonichoma hata leo: haya yangu haikunizuia kitu.

Mwaka huu akanipigia simu Ghislaine, anayefundisha vijana kuchora kwa kompyuta. Sauti yake ilijaa furaha. «Papa Léopold, tunakutayarishia fête, sherehe kubwa! Miaka makumi ine ya kazi! Tutafungua na ule mutembeo ya Mama Matope. Batu bote banaijua.»

Nikamwambia nitajibu. Nikarudi mezani. Siku tisa nikakuchora upya: uso wako halisi, kitambaa chako cha kijani, na mguu wako nikaunyoosha. Nikakutembeza wima, hatua sawa na hatua. Nikaamini hiyo ndiyo toba. Nikafunga karatasi zangu, nikapanda gari la kwenda Uvira, nikashuka njiani, Sange, katika joto la bonde, nikauliza, nikaonyeshwa.

Ulikuwa umeketi mbele ya nyumba, ukichambua maharage. Nywele zimekuwa nyeupe. Ulinitambua kabla sijafungua kinywa.

«Ni weye mwenye kuchora.»

«Ni mie, maman.»

Nilipiga magoti. Niliyasema yote, mpaka kamba ya kiatu. Kisha nikashika karatasi mbele yako, nikazipeperusha kwa kidole gumba, na mwanamke wa wino akatembea, bega sawa, mguu mzima.

Ulitaka nirudie. Nikarudia.

«Huyu ni nani?»

«Ni weye, maman.»

«Haiko mie. Muguu yangu uliipeleka wapi?»

Nikazishusha karatasi.

«Ile ya kwanza ilikuwa yangu kabisa,» ukasema, vidole bado kwenye maharage. «Uliichora bien, muzuri. Njo maana iliniuma: nilijiona mule, na batu banacheka. Sasa unaniletea muguu ya mutu mwingine. Unasikia haya ya muguu yangu? Mie sisikiake haya yake.»

Nilikuja na kosa moja mikononi. Palepale yakawa mawili.

Nikampigia Ghislaine, wewe ukisikia. «Ule mutembeo, usiionyeshe.»

«Lakini papa, sasa tutaonyesha nini?»

«Ambia batu haikuwa yangu. Iko ya Maman Adolphine wa Kadutu, mwenye kuuzisha unga safi. Niliiiba.»

Akasema, taratibu, nimtajie jina lile tena, aliandike.

Hukusema umenisamehe. Sikuthubutu kuomba. Uliinuka, ukashika ukuta, ukajitwisha beseni la maharage.

«Sasa angalia,» ukasema. «Lakini usichore.»

Ukapita mbele yangu. Wa kushoto, kisha wa kulia, polepole kuliko zamani, goti likitetemeka mahali ambapo sikuwahi kuona, na uso, uso ambao kwa miaka thelathini sikuutazama, ukiuma meno kwa kila hatua. Nikaweka mikono nyuma ya mgongo, nikaikamata mmoja kwa mwingine. Nikaangalia mpaka ukaingia ndani.