Jogoo wa Kandara

Mwezi wa saba Ruiru ni baridi tupu, na kifaranga wa kununua hana mama wa kumfunika. Ndiyo maana Ngendo aliwalea wake sebuleni, juu ya maranda, jiko la makaa likiwa katikati, na mumewe Kiama akajifunza kula miguu ikiwa juu ya stuli. Alinung'unika kidogo tu. Mwaka uliotangulia alishuhudia ugonjwa wa kideri ukiingia bandani, kuku wakipinda shingo na kuharisha kijani mpaka wakaisha. Ngendo alichimba shimo mwenyewe kwa sababu hakutaka mtu amwone akilia.

Wale walikuwa wamechanjwa. Hawa nao walichanjwa, lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ngendo aliweka sheria: mlangoni pa banda kuna karai la dawa, kila mguu unachovywa, na kuku wa nje haingii. Mvua za vuli zikaja, ng'ombe wao akanenepa kwa majani ya nepia, vifaranga wakawa mitetea. Desemba wakaanza kutaga, wakati kila mpika keki wa Ruiru anatafuta mayai.

Hapo ndipo Nduta, mama yake Kiama, alipofika kutoka Kandara. Ndani ya kiondo chake mlikuwa na jogoo mwekundu, kichwa nje, jicho kali.

“Nimewaletea huyu,” alisema. “Jogoo yenu iko wapi?”

“Hatuna, Maitu,” Ngendo akamjibu mama mkwe wake. “Hizi zinataga tu, hata bila jogoo.”

“Na vifaranga?”

“Tunanunua.”

Nduta alilitazama banda, akacheka mpaka akashika kiuno. “Ai! Kumbe hii ni boma ya wajane! Basi mna bahati. Mwekeni huyu ndani.”

Ngendo alipokea kiondo kwa mikono miwili, akakipeleka jikoni, akafunga mlango. Zawadi ya mama mkwe haikataliwi. Ukithubutu utatangazwa Kandara nzima. Kumwingiza bandani nako hakuwezekani. Lakini Ngendo alikuwa mwanamke mwenye akili, na wenye akili wana tabia ya kutouliza. Alingoja mpaka Nduta, ambaye mikono yake haikujua kukaa bure, alipochukua panga na kwenda nyuma kumkatia ng'ombe nepia. Ndipo akamwita mumewe.

“Mchinje.”

“Lakini Mama amesema awekwe na zile zingine.”

“Mgeni kama mama yako ale sukuma wiki? Mchinje, Kiama. Ama unataka tuchimbe shimo tena?”

Kiama akachinja. Manyoya yalichomwa, kisu kikachemshwa, kiondo kikaanikwa juani. Ngendo alikoroga mchuzi akiwa amejaa fahari. Mgeni ameheshimiwa na banda limesalimika, akajiambia. Nani mwingine angeweza?

Nduta alikula vizuri. Alisifu mchuzi, akatania kwamba kuku wa mjini wana misuli kuliko wanaume wa huko.

“Si wa mjini, Maitu,” Ngendo alisema. “Ni yule wako. Tumekupikia wewe.”

Nduta aliuweka mfupa kwenye sahani, akajipangusa vidole polepole.

“Zangu ziliisha,” alisema. “Mwezi wa kumi. Zilipinda shingo zote, tukazika. Ni huyo tu alibaki. Nikasema, kwa Ngendo kuna kuku za kike, na Ngendo anajua dawa. Akizipanda hizo zake nitabeba mayai, niombe jirani kuku ya kulalia. Nianze tena.”

Aibu ndiyo iliyopaswa kuja kwanza. Haikuja. Kitu cha kwanza Ngendo alichokifikiria ni viatu vya mama mkwe, vilivyotoka kwenye boma lenye ugonjwa na kupita karibu na banda lake. Akatoka mbio kwenda kuongeza dawa kwenye karai. Aibu ilimkuta huko nje, ameinama, na ilimchoma sana. Alikuwa amefanya lililo sawa, na alijichukia.

Kuku hawakuugua. Nduta alikaa mpaka Krismasi ikapita, akakata nepia kila asubuhi, akachovya viatu kwenye dawa bila kuambiwa, wala hakumtaja yule jogoo tena. Ngendo angependa atukanwe.

Siku ya Nduta kuondoka, Ngendo alichagua mayai makubwa kuliko yote, akayapanga ndani ya kiondo kilekile, akayazungushia maranda yasivunjike.

“Maitu, nimekuwekea mayai.”

Nduta alitoa moja, akaliinua kulielekeza kwenye jua, kama afanyavyo mtu anayetafuta kama kuna kifaranga ndani. Alilitazama kwa muda, kisha akalirudisha taratibu.

“Asante, mwanangu,” alisema. “Tutakula.”