Breki ya Mwalimu

Mume wangu anafundisha udereva, na gari letu lina breki mbili: moja ya anayeendesha, nyingine ya mwalimu anayekaa pembeni. Kwa hiyo siku tuliyowapeleka watoto mbugani kuona simba, usukani nilishika mimi, mwenye leseni tangu kabla hajanichumbia. Yeye akakaa kiti chake cha kazini, mguu juu ya breki.

Twiga wakatokea. Kabla sijapunguza mwendo, akakanyaga yeye. Gari likashtuka, tukayumba wote, twiga wakatimua mbio. Kwa tembo, hivyo hivyo. Hata kwa ngiri!

"Baba, si umwache mama aendeshe?" binti yetu alilalamika.

"Usalama kwanza, mwanangu."

Mpaka jua linashuka, simba hatujaona hata mkia. Watoto walinuna, wakatupa mgongo, wakapiga magoti kwenye kiti cha nyuma wakitazama tulikotoka. Nikawasha gari turudi zetu.

"Mke wangu, kabla ya kuondoka tunaangalia nini?"

Nilitamani niing'oe hiyo breki yake. "Kioo," nikasema.

Nikaangalia kioo. Nyuma yetu, simba jike alikuwa anavuka barabara taratibu, watoto wake wakimfuata. Binti yetu aligeuka, macho yamemtoka, akaweka kidole mdomoni mwake kuniashiria: nyamaza.

Mwalimu alikuwa ametazama mbele, mguu tayari.

"Haya, umeona nini?"

"Njia nyeupe, mwalimu," nikajibu, na sikuondoa gari mpaka mkia wa mwisho ulipozama majanini.