Kikombe Mbele ya Mzee Pyo

Dokchil alikuwa ameshaua watu, nisikufiche, lakini mchana ule, ndani ya hema la majambazi katika nyika ya Manchuria, aliogopa. Yule mzee aliyeketishwa chini, mikono imefungwa kamba, alikuwa baba yake. Jioni garimoshi la Wajapani lingepita kumchukua, na wanaochukuliwa na Wajapani hawarudi.

Mzee Pyo hakumtambua. Miaka kumi na moja bila kuonana, ndevu, kovu shavuni, joho la Kichina alilovaa Mkorea huyu ili ajifanye mnunuzi wa farasi na kumwokoa: angemtambuaje?

"Eti mnunuzi wa farasi!" Gao, mkuu wa majambazi, alicheka, bastola mapajani. "Mchina mwenzangu, sivyo? Basi kunywa mbele ya babu huyu. Wakorea wana wazimu wao, mbele ya mzee lazima wageuze uso ndipo wanywe. Hebu tukuone."

"Mkuu, nimekuja kununua farasi au kulewa?"

"Kunywa bwana, acha maneno!"

Shingo, Dokchil alijiambia. Shingo isigeuke. Akanywa huku amemkodolea macho baba yake mzazi, na adabu yote aliyofunzwa kwa fimbo akaitupa. Mzee akatema mate kwa kuchukizwa. Lakini shingo haikugeuka!

"Haya, mmiminie na babu," Gao alisema, shaka imemtoka.

Dokchil akashusha pumzi, akainua chupa kwa mkono wa kulia. Masikini, mkono wa kushoto ukapanda wenyewe ukashika kiwiko cha kulia, kama anavyomiminiwa mzee katika kila nyumba ya Kikorea. Kuja kushtuka, kikombe kimejaa.

Mzee Pyo aliuona mkono ule, midomo ikamcheza. Gao naye akauona.

"Kumbe wewe!" Bastola ikainuka, lakini mzee alishamrukia na kamba zake. Ikalia. Dokchil akachomoa yake, akampiga Gao kifuani, akambeba baba yake mbio hadi kwenye farasi, akampandisha nyuma yake, akajivisha kiunoni mikono ile iliyofungwa. Nyuma yao watu arobaini walikuwa wanarukia matandiko wakipiga kelele.

Risasi zilivuma masikioni.

"Baba, umeumia?"

"Piga farasi, mjinga wewe! Piga!"

Sauti ilikuwa nyembamba mno. Kitu cha moto kilimlowesha Dokchil mgongoni, kikashuka hadi kwenye tandiko, na yeye mwenyewe hakusikia maumivu popote. Alitaka kuuliza tena, akaogopa. Akampiga farasi.