Giza la Sitini na Tisa

Dokta Elius Mwalongo alikuwa na kipaji kimoja tu ambacho Modesta Sanga aliwahi kukishuhudia kwa macho yake: alijua kusimama mbele ya kazi ya mtu mwingine hadi ionekane ni yake. Koti jeupe la maabara alilivaa siku za wageni peke yake, ndiyo maana halikuwahi kupata doa. Akishalivaa, mkono mmoja aliuweka juu ya kifaa kama mtu aliyeshika pembe za ng'ombe aliyetoka kumnunua, akatabasamu, akapigwa picha. Siku zisizo na wageni aliipita maabara ya fizikia kama watu wanavyopita choo cha stendi, haraka haraka na bila kugeuza shingo.

Kifaa chenyewe kilikuwa cha Modesta, fundi sanifu wa maabara hiyo hapo chuoni Njombe. Alikijenga kwa miaka miwili, jioni baada ya wanafunzi kuondoka, mara nyingine akifika kwake kijijini Yakobi vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Fremu yake ilikuwa aluminiamu ya madirisha. Mwanga ulitoka kwenye leza nyekundu ya kuonyeshea ubaoni. Mwanga ule uliingia kwenye jiwe la kalsaiti, jiwe angavu ambalo ukiliweka juu ya gazeti kila herufi inakuwa mbili, na jiwe likaugawa kuwa miali miwili iliyokwenda bega kwa bega, mmoja ukitikisika wima na mwingine mlalo. Kila mwali ulipita kwenye mrija wake mwembamba wa kioo, kisha jiwe la pili likaikutanisha tena.

Mrija mmoja ulijaa hewa ya kawaida. Wa pili ulinyonywa hewa kwa kompresa ya friji bovu, halafu hewa ikarudishwa kidogo kidogo kwa kale kagurudumu ka mpira wa dripu ya hospitali. Hewa ikirudi, mwali wa mrija ule unachelewa nyuma ya mwenzake. Ukitazama kupitia chujio la mwisho, ambalo Modesta alilibandua kwenye kioo cha kikokotoo kilichokufa, unaona mwanga unazimika, unawaka, unazimika tena. Kila giza ni wimbi moja zima la kuchelewa. Unahesabu magiza hadi hewa iishe kuingia, na kile kipande kinachobaki unakipata kwa kuzungusha chujio mpaka mwanga uzime kabisa, ukasoma pembe. Kazi yote ndiyo hiyo. Inataka macho, subira, na mtu asiyejipenda kuliko anachokitazama.

Uzuri wake ulikuwa kwamba miali ile miwili ilisafiri kama watu wawili chini ya blanketi moja. Lori likipita na kutikisa meza, wote wanatikiswa sawasawa na tofauti kati yao inabaki palepale. Chuo kilikuwa na kifaa kingine cha kupima mambo hayohayo, cha vioo na mikono miwili iliyoachana, kilicholetwa kutoka ng'ambo ndani ya sanduku la sponji. Hicho mtu akifunga mlango wa ofisi ya tatu kilichanganyikiwa. Dokta alikisifia sana, hasa lile sanduku.

Barua ilipokuja kwamba jopo la wakaguzi litapima vifaa vya maabara vilivyobuniwa nyanda za juu kusini, na kwamba kitakachofaulu kitatengenezwa kwa vyuo vingine kikiwa na bati lenye jina la mjenzi, Dokta Elius ghafla aliikumbuka njia ya maabara. Fomu aliijaza mwenyewe. Kwenye mstari wa jina la mjenzi aliandika lake kwa herufi kubwa, likajaa mstari mzima. Modesta aliliona, akanyamaza. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwishoni mwa Juni, na barua ya kuuongeza ilisubiri sahihi ya mtu huyohuyo. Hakutaka makubwa. Alitaka jina lake likae kwenye mstari ule. Alichofanya badala ya kulidai ni kumdharau Dokta kimyakimya, kila siku, kwa ukamilifu. Dharau ilimshibisha, na kwa muda mrefu alidhani imemtosha.

Hata hivyo alijaribu kumfundisha.

"Dokta, njoo uhesabu mara moja, ili siku ya wakaguzi usibabaike."

"Modesta, mimi nina shahada ya uzamivu. Kuhesabu nilimaliza darasa la kwanza. Hapa inatoka ngapi?"

"Hapa Njombe, sitini na saba. Lakini..."

"Sitini na saba. Imekaa kichwani."

Akagonga kidole kwenye paji la uso, akaondoka. Modesta alilitazama paji lile likipotea mlangoni, akawaza kwamba nafasi ya kukaa namba kweli ilikuwepo.

Siku ya siku walipanda gari la chuo asubuhi kwenda Makambako kwa wakaguzi, ukungu bado umelalia mashamba ya parachichi. Gideoni, dereva, mzee wa maneno machache, alikuwa kwenye usukani. Dokta alikaa mbele na koti lake likining'inia kwenye hanga. Modesta alikaa nyuma, kifaa mapajani kimeviringishwa blanketi la mtoto, kioo cha dirisha amekishusha kidogo kwa sababu manukato ya Dokta yalimkaba. Walipofika Mtwango alikohoa, akasema alichokuwa amekitafuna tangu jana.

"Dokta, Makambako iko chini kuliko kwetu. Hewa kule ni nzito zaidi kidogo. Hesabu haitakuwa sitini na saba, itapanda. Itabidi uhesabu palepale."

Dokta hakugeuka. "Funga kioo, Modesta. Baridi inaingia."

Akafunga kioo. Dokta akapiga simu, akamweleza mtu wa upande wa pili namna alivyopata wazo la kifaa chake akiwa bafuni.

Ukumbi ulikuwa karibu na stesheni ya reli, na haukuchaguliwa kwa bahati mbaya. Mwenyekiti wa jopo, Mhandisi Hulda Mgaya, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba na sweta la kufuma, alitaka kifaa kinachofanya kazi penye mitikisiko, maana vyuo havijengwi mawinguni. Kabla ya zamu yao, kifaa cha chuo kingine, cha vioo na mikono miwili, kilipimwa wakati lori la mbao likipita barabarani. Mistari yake ya mwanga ilicheza ngoma, na vijana waliokileta wakakusanya vitu vyao wakiangalia sakafu.

Modesta alipotandaza kifaa chake, Mhandisi Hulda aliinama akachungulia mpira wa dripu.

"Kamwene," alimsalimu kwa lugha ya nyumbani.

"Kamwene, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Huu umetoka hospitali gani?"

Modesta alifungua mdomo, lakini Dokta alikuwa ameshaingia katikati na koti lake. "Ni ubunifu wangu, Mhandisi. Nilitaka kuonyesha kwamba sayansi haina haja ya anasa. Huyu ni msaidizi wangu, atazungusha tu."

Modesta akazungusha tu. Hewa ilianza kuingia, na nuru nyekundu kwenye karatasi iliyosimamishwa nyuma ya chujio ikazimika mara ya kwanza. Dokta aliugeuzia mwanga mgongo, akaukabili ukumbi, akaanza hotuba. Alizungumzia safari yake ya kisayansi, changamoto zake, usiku aliokesha. Mhandisi Hulda hakumtazama hata mara moja. Alikuwa ametoa penseli, na kila nuru ilipozimika alichora kijistari pembeni ya karatasi yake, vinne vinne na cha tano akikikatisha juu yao. Modesta naye alihesabu, midomo ikitembea bila sauti. Kwenye arobaini na moja treni ya mizigo ilipita, madirisha yakalia, chai ikatetemeka vikombeni. Nuru ilizimika na kuwaka taratibu kama vile hakuna kilichotokea. Modesta alitamani kupiga kigelegele. Dokta, ambaye sifa za kifaa zingemwendea, alikuwa bado anahutubia juu ya usiku aliokesha.

Hewa ikaisha kuingia. Modesta akazungusha chujio, akasoma pembe, akaisema. Dokta alingoja ukumbi utulie.

"Sitini na saba," alisema, mkono juu ya fremu, uso kwa mpiga picha.

Mhandisi Hulda alishusha miwani. "Ngapi?"

"Sitini na saba. Kamili. Huwa hainidanganyi."

"Mimi nina sitini na tisa." Akafungua mkoba, akatoa barometa na kipimajoto, akaviweka mezani. "Na kwa hewa iliyomo humu ndani leo, inatakiwa sitini na tisa. Sasa kuna kibovu hapa, Dokta. Ama kifaa, ama msomaji. Niandike kipi?"

Hapo ndipo Modesta alipoona kitu ambacho hakukitegemea hata kwa mtu wa aina ile. Dokta Elius aliutoa mkono juu ya fremu, polepole, kana kwamba imeanza kuchoma.

"Kifaa," alisema. "Andika kifaa. Unajua, Mhandisi, mirija hii aliifunga huyu binti. Na mawe aliyapanga yeye. Nilimwambia asitumie mabaki ya friji. Hawa mafundi wetu ukiwaacha peke yao..."

"Mirija ni yake?"

"Ndiyo."

"Mawe ameyapanga yeye, na kompresa kaitafuta yeye?"

"Ndiyo, Mhandisi, yote hayo ni..."

"Na chujio?"

Dokta alilitazama chujio. Ilionekana wazi kwamba analiona kwa mara ya kwanza.

"Basi sioni kilichobaki cha kwako," alisema Mhandisi Hulda, "isipokuwa ile sitini na saba."

Watu wa nyuma walicheka, na hawakucheka kwa kuficha. Mhandisi alimgeukia Modesta. Kama angenyamaza sasa, kifaa kingeandikwa kibovu na kurudi Njombe ndani ya blanketi. Kama angesema, ile sahihi ya mkataba aisahau. Modesta aliyapima yote mawili kwa muda ambao nuru inachukua kuzimika na kuwaka.

"Kifaa ni kizima, mama," alisema. "Hata mimi nimehesabu sitini na tisa. Sitini na saba ni ya Njombe. Kule tuko juu, hewa ni nyepesi. Kifaa kimeona tofauti ya Njombe na Makambako. Aliyesoma hakutazama."

"Rudieni," alisema Mhandisi. "Dokta, uhesabu kwa sauti."

Walirudia. Dokta alihesabu vizuri mpaka ishirini na tatu, halafu mpiga picha akasogea naye akanyoosha kola. Baada ya hapo alikuwa akisema namba na nuru inafanya mambo yake. Hewa ilipoisha alikuwa kwenye hamsini na nane, akauliza kama giza la mwanzo huwa linahesabiwa.

Mhandisi Hulda aliivuta fomu. Alikata jina lile lililojaza mstari, mara moja, kwa rula, akampa Modesta kalamu. Alipokuwa akiandika, mama yule aliinama karibu na sikio lake.

"Na wewe, mwanangu. Muda wote huu umekaa nyuma ya koti la mtu huyu, ulikuwa unangoja nani aje akutoe?"

Maneno yale yalimchoma Modesta kuliko yote aliyowahi kutupiwa na Dokta, kwa kuwa yalitoka kwa mtu ambaye yeye hangeweza kumdharau. Alimaliza kuandika. Juu ya mstari hapakuwa na nafasi, kwa hiyo jina lake lilikaa chini kidogo, likisomeka vizuri.

Kurudi walirudi kwenye gari lilelile, kwa kuwa hakukuwa na lingine. Koti halikutundikwa. Lilikuwa kiti cha nyuma, limekunjwa ovyo pembeni ya Modesta. Walipokaribia Mtwango Dokta alizungumza akiwa ametazama mbele, sauti imekauka.

"Umeniaibisha mbele za watu. Ulijua kabisa hesabu itabadilika, ukanyamaza. Barua yako ya mkataba usije kuniuliza."

Modesta alivuta pumzi ajibu, lakini mzee Gideoni alimtangulia, mikono yote miwili kwenye usukani.

"Alikuambia, Dokta. Asubuhi, hapahapa. Ukamwambia afunge kioo."

Modesta alikivuta kifaa karibu na tumbo, akashika kile kishikio cha mlangoni, akakishusha kioo mpaka mwisho.