Rivolva au Bastola, Mama Kendall?

Niliwasingizia mbwa. Wifi yangu Ardith aliponiuliza mtu kama mimi, niliyekataa bunduki ndani ya nyumba tangu naolewa, leo nataka silaha ya kutembea nayo ya nini, nikamwambia kuna mbwa wa jirani wananifukuza nikienda kuchukua barua barabarani. Maskini ya Mungu, mbwa wenyewe wazee, hata kubweka wanabweka wakiwa wamelala.

"Mbwa!" Ardith akasema. "Mwenzangu, mbwa si unampiga teke?"

Lakini funguo za gari alishazichukua, maana huyo safari ya dukani kwa Dwight, muuza bunduki, haikatai. Ardith anatembea na bastola kwenye mkoba kama wengine wanavyotembea na peremende. Aliwahi kuisahau chooni kanisani, mchungaji akaitangaza kabla ya sala ya mwisho, na mwenyewe akainuka, akapita katikati ya watu kuifuata, kichwa juu kama anakwenda kupokea zawadi. Aibu kwake ni msamiati.

Mimi aibu naijua. Nilikuwa nimeivaa siku hiyo, chini ya sweta, kwenye joto la Missouri la mwezi wa saba ambalo hata kuku wanahema. Begani nilikuwa na alama ya mpini wa friji. Mwanangu Kendall alinisukuma pale kwa sababu nilimkataza asichukue msumeno wa marehemu baba yake akauuze. Kendall ndiye mtoto wangu pekee, na dawa za kulevya zimemla mpaka meno. Nimeyasema sasa. Siku ile sikuweza kumwambia yeyote, na Ardith, shangazi yake mzazi, ndiye niliyemficha kuliko wote.

Na kuna jambo moja la Kendall lazima mlijue. Akija, kwanza ananikumbatia. Aje amelewa dawa, aje mzima, aje kuomba au kuiba, ataniweka kifuani kwanza, kidevu chake juu ya kichwa changu. Hata siku ya friji alianza hivyo. Semeni mtakavyo, hajawahi kunikumbatia kwa uongo.

Dwight anauza chakula cha mifugo, chambo cha samaki na bunduki, vyote chini ya paa moja. Alicheza besiboli na Kendall shuleni, na viazi vyangu amevila mezani kwangu miaka yote hiyo. Aliponiona akavua kofia.

"Mama Kendall! Leo umepotea njia?" Kisha akamgeukia mwenzangu. "Shangazi Ardith, mkoba umekuja nao, au uko chooni?"

"Funga domo lako, mtoto wewe. Mhudumie wifi yangu. Ana vita na mbwa."

"Kendall hajambo?" Dwight akaniuliza, akitazama kitambaa alichokuwa anakitandaza juu ya kaunta ya kioo. Mji mzima huniuliza hivyo, macho pembeni.

"Hajambo."

Akaweka silaha mbili juu ya kitambaa. Ya kwanza rivolva fupi, tumbo limetokeza. "Hii haina maneno. Unavuta kifyatulio, inalia. Isipolia, unavuta tena. Ila kifyatulio kizito, na risasi hazizidi tano." Ya pili bastola bapa, nyembamba. "Hii inakaa mfukoni kama pochi, na inabeba risasi zaidi. Kabla ya kuitumia unauvuta huu mgongo wake nyuma ili risasi ipande. Jaribu."

Nikajaribu. Bega likanichoma mpaka machozi yakanilenga.

"Vuta, wifi!" Ardith akacheka. "Unakamua ng'ombe? Mpe ile ya mpini wa rangi ya waridi, Dwight, ifanane na kucha zake."

Watu wawili waliokuwa wakinunua chambo wakacheka naye. Dwight hakucheka. Alikuwa anatazama sweta langu.

"Hao mbwa," akasema polepole, "wanakuja kwa mbali, au wanakufikia?"

"Wananifikia."

"Basi nikwambie ukweli. Mtu akishakufikia..." Akasita. "Mbwa, akishakufikia, akakubana kifua kwa kifua, hii bastola inaweza kukuangusha. Mdomo wa bastola ukigandamizwa kwenye mwili, mgongo wake unarudi nyuma kidogo, na hapo inagoma. Hailii. Rivolva haijali. Ibane utakavyo, hata ndani ya mfuko wa koti, inalia tu. Ndiyo maana mimi kina mama nawaambia wachukue rivolva."

Nikaiona picha yote. Kidevu juu ya kichwa changu. Mkono wangu mfukoni, katikati yetu.

"Hailii kabisa?" nikauliza.

"Mara nyingi inagoma."

"Nipe hiyo."

"Rivolva?" Dwight akauliza.

"Hiyo inayogoma."

Ardith akaangua kicheko. "Jamani, huyu mwanamke kaziba masikio! Nadine, kakwambia hiyo ndiyo mbovu ukishikwa!"

"Nimesikia alichosema. Nimechagua."

"Sasa unanunua bastola isiyolia, si bora ununue mwiko?"

"Ardith, niache!"

Nilipaza sauti kuliko nilivyotaka. Wale wa chambo wakaanza kusoma maandishi ya makopo. Dwight aliiokota rivolva taratibu akairudisha ndani ya kaunta, kisha akaniinamia, sauti chini kabisa.

"Mama Kendall, hao mbwa..."

"Ni mbwa," nikamkata. "Nimesema ni mbwa."

Jina lenyewe lilikuwa limeshanisuta. Tangu nimejifungua mji huu unaniita kwa jina la mwanangu, na mimi nimesimama mbele ya kioo cha bunduki nikipima jinsi ya kujikinga naye. Uso ulikuwa unawaka. Nilipogeuka, Ardith alikuwa ameacha kucheka. Alinitazama begani, akatazama ile bastola bapa, na nikaona akili yake inafika. Ardith, ambaye hata choo cha kanisa hakikumtia haya, akainamisha kichwa.

Tulipofika kwangu akaegesha, akazima gari.

"Ungeniambia, wifi. Ni damu ya kaka yangu."

"Ningeanzia wapi?"

Alikaa ameshika usukani, akilia kwa hasira, akifuta pua kwa mkono kama mtoto.

Kendall alikuja Jumapili mchana. Nilikuwa barazani namenya viazi, bastola kwenye mfuko wa sweta, maana Ardith alinilisha kiapo kwamba sitaiacha ndani. Alikuwa ameoga. Nywele zilikuwa bado mbichi, shati la baba yake limefungwa vifungo mpaka juu. Sikujua amekuja na lipi. Nilisimama, akapanda ngazi, akanikumbatia.

Kidevu kikakaa mahali pake. Kisha nikamsikia ameacha kupumua.

Mtoto wa huku akigusana na bastola mfukoni haulizi ni nini. Alijitenga kidogo, akaweka kiganja juu ya mfuko wangu, taratibu.

"Ya nini, Mama?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Mbwa."

Akageuza shingo kutazama ng'ambo ya barabara. Wale mbwa wazee wawili walikuwa wamelala kivulini, mmoja tumbo wazi, miguu juu.

"Wale?"

Nilitazama kiazi mkononi mwangu.

"Sawa, Mama," akasema. "Umefanya vizuri."

Akaanza kurudi nyuma. Alishuka ngazi moja moja bila kunipa mgongo, mikono ameiinua mbele yake, vidole wazi, kama anavyosimama polisi wakimmulika tochi. Mbele yangu. Mimi niliyekuwa namkata kucha za vidole hivyo hivyo.

Nilitaka kumpigia kelele: Kendall, nimechagua ile inayogoma! Kulikuwa na mbili pale, nami nimechagua ile isiyolia ukinikumbatia! Lakini maneno kama hayo mama anamwambiaje mwanawe? Nilibaki na kiazi mkononi mpaka akaishia kwenye kona.

Siku hizi bado anakuja. Anasimama chini, kwenye nyasi, ananisalimia kutoka huko.